Kabla utume ile pesa ya kipoza cha maji, nisikize kwanza

Leo sina video. Leo nataka tuongee tu, na nitaanza na kosa langu mwenyewe kabla niguse la mtu mwingine.

Mnakumbuka ile video ya sekunde 18 niliweka, ile chumba ni giza totoro halafu kompyuta inawaka taa za zambarau na samawati, na pampu inang'aa pale katikati kama jicho la paka? Hiyo ndiyo video yangu imetazamwa kuliko zote tangu nianze haya mambo. Sasa wacha niseme kitu sikusema siku ile: hiyo kompyuta haikuwa yangu. Ilikuwa ya mteja. Nilikuwa nimeisafisha tu, nikaomba ruhusa nipige video kabla aichukue. Halafu chini yake nikaandika maneno matatu: "Lazima uwe nayo."

Wiki tatu baadaye, Jumamosi, saa nane mchana, kijana mmoja wa Lurambi ananipigia simu ati yuko nje ya geti. Natoka, namkuta ameshuka boda, kompyuta imefungwa na leso kwa kiti, na mkononi amebeba boksi mpya bado ina selotepu. Amemaliza Form Four mwaka jana. Tangu Krismasi alikuwa anaweka pesa: kuosha pikipiki, kuchapia watu CV, na kuku sita wa kienyeji ambao kukhu wake alimpa aanzie maisha. Kuku sita! Zote zimeingia kwa hiyo boksi. Shilingi 16,500 pamoja na pesa ya kuleta mzigo na basi kutoka Nairobi.

Akanishikia boksi kwa mikono miwili venye mtu hushikia mtoto. "Brathe, ni ile yako. Unaniwekea na ngapi?"

Nikafungua kompyuta yake. Ni Dell OptiPlex ya kutoka UK, hizi tunanunua mitumba, prosesa yake ni Core i5-6500. Nikanyamaza kwanza. Nikajifanya natafuta bisibisi.

Wacha niwaeleze kwa nini nilinyamaza, juu najua kuna wengi wenu mko na hizi hizi mashine na mko na ile boksi kwa kikapu cha duka la mtandaoni, mnangoja tu pesa itoshe. Kompyuta za ofisi hazikuundwa ndio mtu wa nje aje kuzipanua. Keisi ina umbo lake, madabodi ina umbo lake, waya za umeme ni zake. Kwa hiyo ya kijana, skrubu za kipoza zilikuwa zinapita kwa madabodi na kushika bati la keisi yenyewe, kwa hivyo hakuna mahali pa kuweka lile bamba la nyuma linakuja na kipoza kipya. Plagi ya feni ilikuwa ya pini 5, na hizi za kawaida ni za pini 4. Na radieta yake ilikuwa ya milimita 240. Wapi utaiweka kwa keisi ambayo ukiingiza mkono unatoka na michubuko? Ungehitaji kununua keisi nyingine. Ukinunua keisi nyingine, hiyo madabodi haitashuka vizuri ndani. Ukibadilisha madabodi, pawa saplai haifanani. Mwishowe unanunua kompyuta nzima ndio utoshee kipoza, kama mtu amenunua kifungo halafu anatafuta shati.

Na hata kama ingetoshea. Hii sehemu ndiyo iliniuma zaidi. Hiyo prosesa ni ya wati 65.

Hapa nataka tupoe kidogo tuelewane, maana hili jina "kipoza cha maji" linadanganya watu. Maji hayapoozi kitu. Maji yanabeba. Joto linatoka kwa prosesa, linaingia kwa bamba la shaba, maji (yamechanganywa na dawa ya kuzuia kutu na uchafu) yanapita hapo, pampu inayasukuma kwa paipu mbili mpaka kwa radieta, na kule feni zinapuliza hewa ndio joto litoke. Ni kama vile babu anamimina chai kwa kisosi. Kisosi hakina baridi yake. Kazi yake ni kutandaza chai ndio hewa iiguse mahali pengi. Radieta ni kisosi. Ukikosa hewa nzuri ndani ya keisi, hata uwe na maji ya mto Isiukhu wote, utachemka tu.

Angalia boda za hapa mjini. Boxer haina radieta. Injini yake iko na yale mapezi ya chuma nje, upepo unapita, basi. Na hiyo Boxer inabeba watu watatu na gunia la mahindi kutoka Shinyalu mpaka stejini, inapanda, inashuka, mvua, jua, na hakuna siku umeona mwenyewe anaongeza maji. Lori ya miwa ya kuelekea Mumias ndiyo iko na radieta, juu injini yake ni kubwa na inatoa joto la injini kubwa. Hakuna mtu ameamka akasema Boxer ni duni ati haina radieta. Kila injini na mzigo wake.

Prosesa ni vile vile. i5-6500 ni wati 65, hiyo ni Boxer. Ryzen 5 5600, ambayo naona wengi wenu mnajenga nayo sai, pia imeandikwa wati 65, na ukiiachia kabisa inafika kama 76. Boxer tena. Ryzen 7 5800X inafika 142, hapo tumeanza kuingia kwa pikapu. Core i9-13900K imeruhusiwa na Intel kufika 253. Hiyo sasa ni lori ya miwa, na imejaa. Kabla mtu aniulize kwa inboksi "brathe, ninunue kipoza gani", naomba akuje na hiyo namba moja tu. Sitaki kujua rangi ya keisi, sitaki kujua rafiki yako ako na gani. Wati ngapi?

Na kuna hii kitu ya Kakamega yenyewe, ambayo hizi video za kina YouTube wa Marekani haziwezi kukuambia. Kipoza chochote, kiwe cha maji ama cha hewa, hakiwezi kushusha joto chini ya lile la chumba. Unaanzia pale chumba kilipo, unapanda. Sasa sisi tuko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Msitu uko hapo. Mvua inanyesha karibu kila jioni msimu ukifika. Chumba changu saa mbili usiku ni nyuzi 22. Nina msee wangu Mombasa, Likoni, tunacheza gemu pamoja mtandaoni, saa hiyo hiyo kwake ni 31 na feni ya ukuta inazunguka. Kompyuta zetu zikiwa sawa kila kitu, yake itakuwa juu ya yangu kwa kama nyuzi 9, na hakuna mtu amelipia hizo nyuzi isipokuwa Mungu aliyetuweka huku. Ni kweli hewa ya juu ni nyepesi kidogo na inabeba joto kidogo kuliko ya pwani, lakini baridi yetu inafidia hiyo na chenji inabaki. Kwa hivyo mtu wa Likoni akiniambia anahangaika na joto namsikiza. Mtu wa Kefinco mwenye Ryzen 5 akiniambia anahitaji radieta ya 360, naangalia kando.

Halafu kuna hii fununu, sijui nani alianzisha, ati huku kwetu kuna unyevu mwingi kwa hivyo kipoza cha maji kitatoa matone nje kama chupa ya soda imetoka kwa friji. Hapana. Soda inatoa matone juu ni baridi kuliko hewa. Hivi vipoza haviwezi kuwa baridi kuliko hewa, nimesema hapo juu. Mkinipinga, nipingeni na kitu cha ukweli.

Sasa msidhani nachukia kipoza cha maji. Hii hapa ndiyo sababu nimeandika badala ya kufuta tu ile video na kunyamaza.

Kuna jamaa Amalemba anafanya kazi ya video. Harusi, uzinduzi wa kwaya, vikundi vya isukuti, lakini kusema ukweli kazi inayomlisha ni matanga. Mnajua vile matanga ya kwetu yalivyo. Mtu akizikwa Ikolomani, ako na mtoto Doha, mwingine Texas, mwingine Birmingham, na wote wanataka kuona kaburi likifunikwa moja kwa moja, na baadaye wanataka video kamili ya masaa manne, hotuba zote, hata ya chifu. Huyu jamaa akichelewesha hiyo video, familia inakosana naye wakati bado inalia. Si mchezo.

Kompyuta yake ni Core i7-13700K. Hii nayo inaweza kufika wati 253. Na alikuwa ameifungia kipoza kidogo alichotoa kwa mashine ya zamani, ka feni kamoja ka kelele, juu prosesa za herufi K za Intel za siku hizi haziji na kipoza kwa boksi. Akianza kurenda, ndani ya sekunde chache inagonga nyuzi 100, halafu inajipunguzia kasi yenyewe isijiunguze. Alikuwa amenunua lori na anaiendesha kwa gia ya kwanza kutoka hapa mpaka Webuye. Video ya masaa manne ilikuwa inachukua masaa 2 na dakika 50 kutoka.

Huyo anahitaji kipoza kikubwa, hakuna ubishi. Lakini hata hapo, nilimwambia kwanza afikirie kipoza cha hewa, vile vya minara miwili. Viko vya bei nzuri, Thermalright Peerless Assassin kwa mfano, ambavyo vinakaribiana sana na maji ya 240, na havina pampu ya kufa. Fikiria hii: kipoza cha hewa ni chuma na feni. Feni ikikufa, unanunua feni. Kipoza cha maji pampu ikikufa, unatupa kila kitu, na pampu ni mashine inazunguka mchana na usiku, na maji yenyewe huvuja mvuke polepole kupitia paipu miaka ikienda. Kampuni nzuri zinatoa waranti ya miaka 5 ama 6. Swali ni, boksi na risiti utakuwa nazo bado? Na ni nani Kakamega atakupokelea?

Jamaa akanisikiza, akakunywa soda, akaniambia kitu kimoja kikaniweka mahali pangu. "Wewe, hii kompyuta mimi huibeba. Nikienda kupeleka matanga mubashara, naiweka kwa buti ya gari, na barabara ya kwenda kule ndani unaijua."

Naijua. Na hapo nikageuza maoni. Vile vipoza vikubwa kabisa vya hewa hupita kilo 1, na hiyo kilo yote inaning'inia kwa madabodi. Ikiwa mezani, haina shida. Ikiwa kwa buti ya Probox kwa barabara ya mawe, kila shimo ni kama mtu anaivuta kwa nyundo. Kipoza cha maji kinaweka ule uzito kwa keisi, na juu ya prosesa kunabaki kitu kidogo tu. Hiyo ni sababu ya kazi. Hiyo haina uhusiano na taa.

Tayari mmeshafikiria, si ndio? Kipoza cha kijana wa Lurambi kilikuwa kimekaa kwangu, duka lilikuwa limekataa kurudisha pesa ati selotepu imetolewa (ni mimi niliitoa, mbele ya kijana, kwa hivyo hata hapo siwezi kujiosha). Nikaangalia kwa boksi kama iko na vyuma vya LGA1700, soketi ya hiyo i7. Viko. Jamaa akatoa 14,000 pesa taslimu. Nilimpa kijana zote.

Tuliifunga usiku mmoja pale kwake, na wacha nikae hapa kidogo juu hapa ndipo mafundi wengi wa kujifunza kwa simu tunaharibu vitu vya watu.

Kutoa kipoza cha zamani, usivute. Washa kompyuta dakika kumi ndio ile pesti ipate joto ilainike, zima, toa waya ya ukuta, halafu zungusha pole pole kushoto na kulia mpaka iachilie. Kwa Intel hii ni heshima tu. Kwa Ryzen za soketi ya AM4 ni kufa na kupona, juu prosesa yenyewe ndiyo iko na pini chini, na ukivuta kwa nguvu inang'oka na kipoza hata kama kile kichuma kimefungwa. Nayajua haya juu nilimfanyia binamu yangu. Pini saba zililala. Nilizinyoosha moja moja na ile penseli ya kubonyeza, nimetoa risasi ndani, na nilikuwa natetemeka kama nimekunywa chang'aa. Iliwaka. Sitaki tena.

Kisha lile bamba la nyuma. Kwa LGA1700 mashimo yako mbali kidogo, milimita 78 badala ya 75 za soketi zilizotangulia, kwa hivyo lazima utumie vile vijiti sahihi. Watu hulazimisha vya zamani, kipoza kinakaa juu juu, halafu wanalaumu maji. Pesti kidogo katikati, haifai kuwa kama siagi kwa mkate. Na toa ile plastiki! Chini ya bamba la shaba kuna karatasi laini ya plastiki inaweza kupita machoni mwako. Mimi nimefunguliwa kompyuta mbili hapa mjini ambazo mwenyewe alikuwa amelalamika miezi ati kipoza ni feki, na plastiki iko pale inayeyuka. Skrubu ukaze kwa msalaba, kila moja kidogo kidogo, kama unafunga tairi.

Radieta tuliiweka juu ya keisi, feni zikisukuma hewa moto nje. Kwa nini juu? Kwa sababu ndani ya maji huwa kuna hewa kidogo, na hewa hupanda mahali pa juu kabisa. Ukifunga radieta chini ya pampu, hiyo hewa inaingia kwa pampu, inaanza kulia grr-grr, na inakufa mapema. Jamaa wa Gamers Nexus wa Marekani walieleza hii kitu kwa urefu, na bado kila siku naona watu wakipiga picha setapu zimegeuzwa. Ukiiweka mbele inakubalika pia, bora upande wa juu wa radieta upite pampu. Waya ya pampu inaenda kwa plagi yake na inawekwa ikimbie kasi yote kila wakati. Feni ndizo zinapandishwa na kushushwa kulingana na joto. Usiache ile plagi ya CPU_FAN bila kitu, madabodi nyingi zitakataa kuwaka zikidhani hakuna feni.

Tukawasha. Pampu ikabubujika kidogo, hiyo ni kawaida dakika za kwanza, ni hewa inatafuta mahali pake. BIOS ikasoma nyuzi 34. Jamaa akaanza kutabasamu.

Stima ikapotea.

Giza. Mvua ilikuwa imeanza nje na hatukuwa tumesikia. Tukakaa pale na tochi ya simu tunaangaliana. Ikarudi, ikapepesa mara mbili, ikapotea tena, ikarudi. Mkono wangu ulikuwa umeshatoa waya kwa ukuta mara ya kwanza tu ilipozima, asante mazoea. Nikamuuliza, "UPS yako iko wapi?" Akaniambia, "UPS ni nini ya lazima hapo?"

Manze. Mashine ya zaidi ya laki moja, inaingia ukutani moja kwa moja, Kakamega, mahali radi inapiga mpaka mbuzi wanajua saa ya kurudi nyumbani. Kipoza kinaokoa dakika zako. UPS inaokoa kompyuta yako. Kama una elfu kumi na sita na hauna UPS, hauna pesa ya kipoza, hiyo pesa tayari iko na mwenyewe. Kwa mashine ndogo hata ya 650VA inakupa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Huyu wa video anahitaji kubwa zaidi, na amenunua wiki iliyopita, nimeona kwa macho yangu.

Sai anarenda kwa nyuzi 80 na kitu, na matanga ya masaa manne yanatoka kwa masaa 2 na dakika 5. Dakika 45 kwa kila marehemu, na samahani kwa kuisema hivyo.

Narudi kwa kijana wa Lurambi. Baada ya ile aibu ya kwanza nilifanya kitu nilipaswa kufanya kabla ya kila kitu: nilimuuliza, kwani shida yako ni gani? Akasema kompyuta inalia sana na inakwama akihariri video. Nikatoa kipoza chake cha asili. Wasee. Zile nafasi katikati ya mapezi zilikuwa zimejaa vumbi limeshikana kama blanketi, la kijivu la huko ilikotoka, na juu yake jekundu la huku kwetu la Januari. Pesti ilikuwa imekauka kama unga wa ugali wa jana. Brashi, pumzi, spiriti, pesti mpya ya shilingi 300. Ilikuwa inafika nyuzi 88, ikashuka 67. Kelele ikaisha. Sehemu ya kukwama nayo haikuwa joto hata kidogo, ni ile hadi disiki ya zamani na RAM ya GB 8. Kwa zile 14,000 akanunua SSD na RAM nyingine, na akabakisha.

Lakini 2,500 zilipotea, na siwezi kusema ni bahati mbaya. Ni maneno matatu niliandika nikiwa nimelala kitandani. Kuna watu wameniambia, wacha watu wajienjoy, pesa ni yao, taa ni nzuri, kwani lazima kila kitu kiwe na kazi? Na nakubali taa ni nzuri! Sijakataa uzuri. Kama mtu anataka kipoza cha maji kwa sababu kinapendeza na anajua ni cha kupendeza, anunue cha 360 na aniite nimfungie, nitakuja na bisibisi yangu. Kitu nakataa ni sisi tunaotengeneza hizi video kusema "lazima" tukijua vizuri anayetazama ni mtoto wa Form Four mwenye kuku sita. Wengi wetu vitu tunaonyesha si vyetu. Vingine tumekopeshwa na duka turudishe Jumatatu. Mtu akipewa kitu bure ndio akisifu, aseme amepewa. Mimi kuanzia sasa kila kompyuta nitaonyesha nitaandika ni ya nani, prosesa ni wati ngapi, na bila hicho kipoza ingefika nyuzi ngapi. Kama hiyo itapunguza watazamaji, ipunguze.

Ile video sijaifuta. Wengine mnaniambia nifute, lakini nikifuta nitakuwa nimejisafisha mimi tu. Nimebadilisha yale maneno ya chini, na komenti ya kwanza kabisa sasa ni swali la wati.

Jana kijana ameniandikia tena. Amepata kazi ya kwanza ya kuhariri, video ya fainali ya mashindano ya mtaa, analipwa 1,500. Halafu akaniuliza, kwa upole sana kama mtu anayejua jibu linaweza kuwa baya, kama zile waya za taa za rangi za shilingi 600 zinaweza kuingia kwa OptiPlex.

Nimemwambia zinaingia. Akuje Jumamosi, na asipite saa tisa, mvua.